Shoga yangu ataka twende Sevilla, nami nimemficha hali yangu

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa zamu ya usiku. Wazee wamelala, na nina kama saa moja kabla sijaenda kumgeuza mama wa chumba cha tatu. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mzaliwa wa Mombasa, Mji wa Kale. Huku Ujerumani huu ni mwaka wangu wa sita, nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee.

Nina shoga yangu, nimwite Z. Tulilala kitanda kimoja cha bweni miaka minne, yeye juu, mimi chini, na ufunguo wa pili wa sanduku lake nilikuwa nao mimi. Sasa yuko Uingereza, ni mhasibu, na mshahara wake si wa kulinganisha na wangu.

Mwaka jana Z. aliachika. Mumewe alikuwa ameoa mke wa pili kwa siri, naye akaja kujua baada ya miaka miwili, tena kwa kusikia kwa watu. Aliniambia kwamba ukewenza haukumuuma kama kule kufichwa, kwa sababu kila mtu alijua isipokuwa yeye. Tangu Januari anasema anataka safari moja tu, mimi na yeye, usiku tano mwezi wa Agosti, kwenye mji mzuri wa kusini mwa Ulaya. "Hii ndiyo itakayonitoa," anasema.

Mji aliouchagua ni Sevilla, Uhispania. Mimi nilitamani Lisbon. Nimekulia karibu na Ngome ya Yesu, shuleni tulikaririshwa Wareno mpaka tukachoka, na nilitaka niende kwao nione walikotoka. Tena Sevilla ya Agosti naiogopa kwa joto, kwani natumia dawa za presha. Nilipomwambia alicheka: "Joto? Sisi watu wa Mombasa?"

Lakini Shangazi, tatizo langu hasa si mji. Amepata hoteli yenye bwawa la kuogelea juu ya paa, euro 170 kwa usiku. Usiku tano ni 850, nusu yangu 425. Tiketi ya ndege kwenda na kurudi ni kama 140. Nimeweka akiba euro 600, na hiyo ndiyo yote niliyo nayo. Nikitoa hoteli na ndege zinabaki 35 za kula na kutembea siku zote hizo. Kila mwezi natuma 250 nyumbani: matumizi ya mama, na karo ya mdogo wangu aliye chuo cha ufundi, mwaka wa mwisho. Z. hajui. Kila anachonitumia kwenye simu najibu, "Sawa mpenzi, pazuri mashallah."

Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Miaka miwili iliyopita tulikwenda Paris siku nne. Siku ya pili pesa zilikuwa zimekwisha. Ilikuwa Alhamisi, nikamwambia nimefunga sunna. Kesho yake nikamwambia nalipa siku zangu za Ramadhani. Nilikuwa nikiingia bafuni nainamisha kichwa chini ya bomba nakunywa maji, natoka nimejifuta mdomo. Z. akanisifu, "Hata safarini, shoga?" Ile jioni ya kwanza alitoka peke yake kwa miguu, nje kuna manyunyu, akakawia. Nikaanza kuingiwa na wasiwasi. Akarudi na kisanduku cha tende. Alikuwa amezunguka kuzitafuta ili nifuturu nazo. Nilizila nikilia, na yeye alidhani ni ibada.

Sasa anataka nimtumie nusu yangu kabla ya Ijumaa, kwa sababu ile bei ya hoteli ni ya kulipa mara moja, hairudishwi. Miadi yake ya viza ni wiki ya kwanza ya Juni, kwani bado ana pasi ya Kenya. Katika chama chetu cha akina mama huku, zamu yangu ya kupokea pesa ni Septemba. Mmoja wao amesema yuko tayari kunikopesha hadi hapo. Nikope niende, yaishe? Au nimwambie Z., mtu aliyefichwa mambo na mumewe, kwamba hata mimi nilimficha? Au niseme nimenyimwa likizo? Nyumbani nako nikiweka picha watasema pesa ninazo.

Nisaidie, Shangazi. Ijumaa si mbali.

Msafiri mwenye mawazo, Ujerumani

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimesimama palepale, kwenye kisanduku cha tende. Nitakirudia.

Kwanza niseme nilivyokuelewa, unisahihishe nikikosea. Una rafiki unayempenda, aliyejeruhiwa, na safari hii yeye anaihesabu kama dawa. Wewe pesa zako ni chache, na uchache huo umeuficha kwa muda mrefu hata sasa kuusema kunakuwa kama kuungama. Mnapozungumza mnazungumza Sevilla na Lisbon, joto na upepo. Lakini ndani yako kila neno linahusu zile euro 35.

Hapo ndipo nataka tuanze, kwa sababu sababu ulizompa Z. ni za kweli. Joto la Sevilla si la mchezo. Mchana wa Agosti wastani ni kama nyuzi 36, na siku za 40 na zaidi si ajabu. Mwaka 2022 mji huo ulianza kuyapa majina mawimbi yake ya joto, la kwanza likaitwa Zoe. Mombasa hata Machi huwa kama nyuzi 33, tena bahari inapuliza. Sevilla iko bara, joto lake ni kavu, jasho linakauka kabla hujajua kwamba umetoka jasho. Kwa mtu wa dawa za presha hilo ni la kumuuliza daktari kabla ya tiketi, maana baadhi ya dawa hizo hupunguza maji mwilini, na joto nalo linayachukua. Kwa hiyo ulikuwa na haki ya kusema. Ila ulilisema joto ili lifanye kazi ambayo si yake. Ulitaka joto likusemee kuhusu pesa. Z. akalicheka, nawe ukaumia kana kwamba amecheka umaskini wako, na yeye hakuwa na habari nao.

Na kuna jambo moja ningependa ulitazame upya. Unahesabu kama kwamba Lisbon ingekuokoa. Sina hakika. Agosti ni msimu wa wageni Lisbon, na vyumba hupanda bei. Pana upepo wa bahari, mchana ni kama nyuzi 28, mtu anatembea bila kuzimia, lakini unaulipia huo upepo. Mji pia unatoza ushuru wa wageni, euro 4 kwa mtu kwa usiku. Ukikaa mezani utaletewa mkate, zeituni na jibini bila kuagiza, na ukila vinaingia kwenye hesabu. Usipovitaka, waambie wavirudishe, hakuna atakayekununia. Sevilla ni kinyume chake: msimu wa bei kali ni majira ya kuchipua, wakati wa Wiki Takatifu na tamasha lao la Aprili. Agosti wenyeji wengi wanakimbilia baharini na hoteli hushusha bei. Hiyo ya bwawa juu ya paa huenda Aprili ingekuwa mbali zaidi. Na chini yake vipo vyumba vya nyumba za wageni, safi, vyenye kiyoyozi, kwa bei ndogo kuliko hiyo. Kiyoyozi tu msikiache, hata muache mengine yote.

Nakuambia haya si kukuchagulia mji. Natamani na mimi uione Belém, mtaa wa Lisbon wenye ile nyumba ya watawa lilimo kaburi la Vasco da Gama, yule nahodha Mreno aliyefika Mombasa Aprili 1498. Ukisimama pale wewe, mtoto wa Mji wa Kale, unayesema meza na gereza kila siku bila kukumbuka kwamba maneno hayo walituachia Wareno, utakuwa na lako la kuliwaza. Ukiagiza chakula utakuta sambusa wanaiita chamuça. Lakini Sevilla nayo si ngeni kwa watu wenu. Mnara wa kanisa lao kuu, Giralda, ulikuwa mnara wa msikiti, na ndani yake hakuna ngazi hadi karibu na kilele. Ni njia ya mteremko inayozunguka, yenye vipande 35, inasemekana ilijengwa hivyo ili mwadhini apande akiwa juu ya mnyama. Treni ya kasi inakufikisha Córdoba kwa kama dakika 45, ukauone ule msikiti wa kale ulioanza kujengwa karne ya 8, wenye msitu wa nguzo na matao ya mistari myekundu na myeupe. Kwa miaka mingi wameruhusu watu kuingia bure saa ya kwanza ya asubuhi, isipokuwa Jumapili. Ni kanisa sasa, kuswali hawaruhusu. Ujue mapema usije ukavunjika moyo mlangoni. Mji wowote kati ya hii miwili unaweza kukaliwa kwa pesa kidogo na watu wawili wanaojua kuwa wana pesa kidogo. Kwa sasa anayejua ni mmoja.

Sasa hiyo Ijumaa. Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa jambo la karatasi tu. Mwenye pasi ya Kenya, hata akiwa na ukaazi wa Uingereza, anahitaji viza ya Schengen, ile ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya. Ada ni euro 90 na hairudi akinyimwa. Anatakiwa kuwa na bima ya safari inayoweza kulipia matibabu ya angalau euro 30,000. Majibu kwa kawaida ni ndani ya siku 15, lakini yanaweza kuvutwa hadi 45. Kisha ombi linapelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi: Sevilla ni Uhispania, Lisbon ni Ureno. Kwa hiyo akishakaa kwenye ile miadi ya Juni, mji umeshachaguliwa. Na kulipia hoteli isiyorudishwa kabla viza haijagongwa ni kuweka euro 850 mikononi mwa bahati. Tafuteni chumba kinachoweza kufutwa, hata kikizidi bei kidogo. Kwa ombi la viza kinafaa vilevile. Wewe kibali chako cha Ujerumani kinakutosha, ila beba na pasi, usiende na kadi peke yake.

Najua ulipofika hapo umepumua. Umepata sababu ya kusogeza Ijumaa. Isogeze, ni haki. Lakini nakuomba ujiulize: utautumia muda huo kusema, au utaitumia viza kama ulivyolitumia joto?

Tuzitazame njia zako. Kukopa kwa mwanachama mwenzako kunaonekana kwepesi, kwani Septemba si mbali. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Ukishachukua mkopo huo, zamu yako ya Septemba imeliwa kabla hujaishika. Sijui ulikuwa umeipangia nini, barua haikusema, na nimeona kwamba haikusema. Labda ilikuwa yako mwenyewe, kitu pekee mwaka huu ambacho si cha mama wala karo. Kama kuna mwenzako aliye tayari kubadilishana zamu, hilo ni jambo jingine, halina deni ndani yake. Lakini hata ukipata pesa zote, utakaa Sevilla usiku tano ukihesabu kimoyomoyo kila bilauri ya maji ya machungwa. Paris ulikuwa huna pesa, huku utakuwa nazo za watu. Sijui kama ni tofauti kubwa.

Kusema umenyimwa likizo kutakuponya wiki moja. Baadaye? Z. ni mhasibu na ni mtu aliyeumwa na uongo. Atauliza tarehe nyingine, nawe utahitaji uongo mwingine. Hutaki hilo, ndiyo maana umeniandikia.

Kumwambia nako kuna hatari, siwezi kukuficha. Anaweza kuumia. Hataumia kwa ajili ya mfuko wako, ataumia kwa ajili ya ile Alhamisi. Mtu aliyeambiwa na mtaa mambo ya mumewe anaweza kusikia "nilikuficha" na asisikie neno jingine baada yake. Anaweza kukaa kimya siku mbili, tatu. Inawezekana safari ya Agosti ikafa. Lakini nitenge mambo mawili ambayo wewe umeyafunga pamoja. Mumewe alificha ili apate jambo, naye Z. apoteze. Wewe ulificha ukashinda na njaa. Na tofauti kubwa zaidi ni kwamba Z. alipata habari zake kwa watu, hakuna aliyemjia kwa hiari. Wewe bado una nafasi ya kuwa mtu wa kwanza kuja mwenyewe. Nafasi hiyo haikai milele. Siku moja atafanya hesabu, na hesabu ndiyo kazi yake.

Sasa zile tende. Umeziandika kama ushahidi dhidi yako. Mimi nimeziona vingine. Mwanamke ametoka kwenye mvua, katika mji asioujua, akazunguka dukani hadi dukani ili rafiki yake afuturu kwa tende. Huyo ndiye unayeogopa atakudharau ukisema una euro 600? Unamjua kuliko mimi, huenda ana ukali ambao hukuuandika. Lakini katika barua nzima sikuona mahali hata pamoja ambapo Z. alikupima kwa pesa. Nimeona wewe ukijipima mbele yake. Hata ile hoteli: umewahi kumwuliza kwa nini anaitaka? Huenda ni bwawa. Huenda ni kwamba ameona chumba chenye vitanda viwili, na mwaka mzima amelala nyumba tupu.

Kuhusu ile funga, hiyo ni yako na Mola wako, na mlango wake unaujua. Mimi sisimami hapo.

Ukimwambia, kuna uwezekano atasema, "Nitalipa mimi." Jiandae kwa neno hilo kabla hujalisikia, maana ndilo linaloweza kuwaharibia kuliko hoteli yenyewe. Mwulize palepale, kwa upole, ni zawadi au ni deni? Kama ni zawadi, amua kama moyo wako unaweza kuipokea bila kuwa mtumwa wa safari nzima, kukubali kila mgahawa na kila saa ya kuamka kwa sababu amelipa yeye. Kama ni deni, taja tarehe. Na unaweza kukataa vyote viwili, useme, "Nina 600, njoo tuzipangie pamoja." Kwa mhasibu hiyo inaweza kuwa burudani. Mnaweza kupunguza usiku kutoka tano hadi tatu. Mnaweza kuwa na mfuko mmoja wa chakula, kila mtu anatia sawa, ukiisha mmekwisha nao. Au aje kwako Ujerumani wiki moja, mlale chumba kimoja, Sevilla ingoje mdogo wako amalize chuo; lakini hapo mwulize vizuri, kwa sababu yeye amesema safari ndiyo itakayomtoa, na kutoka kwake pengine kunahitaji mahali pasipo na jikoni la mtu.

La mwisho ni picha, na hilo sitalikawia. Hofu ya nyumbani ni ndugu wa hofu ya Z. Mama yako anajua unalipwa kiasi gani, ukilipa nyumba na kodi kinabaki nini? Wengi wenu huko hamsemi, mnatuma tu. Si lazima umwambie wiki hii. Umebeba moja zito tayari.

Ukiamua kuzungumza na Z., usimwandikie, mpigie. Chagua siku ambayo hukutoka zamu ya usiku, uwe umelala na umekula. Usianze na hoteli, wala joto, wala viza. Mwulize kama anakumbuka zile tende alizoleta ile jioni ya mvua, alizipata wapi, alitembea muda gani. Umwache asimulie mpaka amalize. Kisha umwambie ulichokuwa ukifanya bafuni.

Niandikie tena, hata kama mambo hayatakwenda ulivyotaka.

Shangazi yako